Atachimenti Nairobi kuanzia Mei, nami nasoma Mombasa: niombe lini, na faili iwe na nini?

PwaniTakwimu

Asalaam aleikum wakubwa. Niko mwaka wa tatu, shahada ya takwimu, chuo kimoja huku Mombasa. Muhula wa Mei hadi Agosti hatuingii darasani. Ni atachimenti (mafunzo ya kazini) ya wiki 12, nayo ni somo kamili lenye alama. Nataka kuifanyia Nairobi kwa sababu ninapopalenga (bima, benki, au Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS) makao makuu yote yako huko.

Ninachouliza: niombe lini? Faili iwe na nini hasa, maana kila mtu ananiambia lake? Nisipolipwa, nitenge shilingi ngapi kwa mwezi? Sina jamaa Nairobi wa kunilaza. Na kuna rafiki anayenisukuma niombe Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Kwa mwaka wa tatu yawezekana kweli?

Sasa ni mwanzo wa Januari. Nimechelewa?

---

KalamuNyekundu

Waaleikum salaam. Kwa kampuni za binafsi hujachelewa. Kwa mashirika ya umma uko ukingoni, na wengi huwa hawajui sababu hadi wamekosa nafasi.

Mashirika mengi ya serikali hupokea wanafunzi kwa robo ya mwaka: Januari hadi Machi, Aprili hadi Juni, Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba. Kundi likishaingia, mlango hufungwa. Wewe unaanza Mei. Aprili mwanzoni bado uko kwenye mitihani, na ukingoja Julai utabakiwa na wiki nane au tisa tu kabla ya Septemba, hutimizi 12. Kalenda yako imeangukia katikati ya robo mbili. Barua ikisema tu "Mei hadi Agosti", karani ataitia kwenye rundo la Julai, na rundo hilo litafunguliwa wakati ulipaswa kuwa kazini tayari.

Kwa hiyo nenda ofisi ya atachimenti chuoni uombe barua ya utambulisho yenye tarehe kamili: siku ya kuanza, siku ya kumaliza, idadi ya wiki. Wiki 12 kutoka wiki ya kwanza ya Mei zinaishia mwisho wa Julai. Una kama wiki nne za kusogea mbele, na hizo ndizo mtaji wako. Kama chuo kinakubali uanze siku yoyote ndani ya mwezi wa Mei, barua iseme hivyo waziwazi. Kisha kwa shirika la robo, omba robo ya Aprili hadi Juni, na kwenye barua yako uulize kama wanaweza kukupokea Mei umalize Julai. Kuna wanaopewa nafasi ya Aprili wasitokee, na mwenye barua yenye tarehe zinazoeleweka ndiye anayepigiwa simu.

Barua hiyo iombe sasa, usingoje Machi. Mwezi wa mitihani ukifika foleni ya ofisi hiyo haisogei.

Na kabla hujapanda treni, hakikisha somo la atachimenti limesajiliwa kwenye mfumo wa chuo. Unaweza kujaza daftari zima la atachimenti saini za msimamizi, lakini somo lisiposajiliwa alama zitakosa pa kuingizwa.

---

AfisaWatumishi

Nachangia upande wa anayepokea faili.

Kwanza tenganisha mambo mawili, maana watu huyachanganya wakapoteza miezi. Atachimenti ni ya mwanafunzi aliye chuoni bado. Uanagenzi ni wa aliyekwisha kuhitimu. Ule mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma wa miezi 12 ni wa wahitimu, na ule wa vipaji vya kidijitali ulio chini ya Mamlaka ya TEHAMA vilevile. Usijaze fomu hizo mwaka huu. Soma tangazo hadi mwisho uone linamtaka nani.

Faili yako iwe na vitu sita kwa mpangilio huu: barua ya maombi ya ukurasa mmoja, wasifu usiozidi kurasa mbili, barua ya utambulisho ya chuo, matokeo ya mihula iliyopita, kitambulisho (pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja), na uthibitisho wa bima ya ajali. Viunganishe viwe PDF moja. Usitume picha sita za simu ambazo mkeka unaonekana pembeni. Faili ipe jina lako na neno "takwimu" na mwezi wa kuanza. Anayepokea faili mia mbili zote zikiitwa "CV mpya" hawezi kuipata yako akiitafuta, hata kama alikuwa ameipenda.

Bima ndipo maombi mazuri yanapokwama. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu. Waajiri wanataka bima ya ajali inayomlinda mwanafunzi akiumia kazini au njiani. Vyuo vingi vina bima ya pamoja iliyokwisha kulipiwa ndani ya karo, ila lazima upewe karatasi yenye jina lako na tarehe. Angalia tarehe hizo. Bima iliyokatwa hadi mwisho wa Aprili haikusaidii kitu Mei, na afisa makini atakurudisha nyumbani siku ya kwanza. Kama chuo hakina, kampuni za bima huuza ya wanafunzi ya miezi mitatu, na bei yake si ya kukunyima usingizi.

Benki na kampuni za bima huenda zikakudai cheti cha tabia njema. Unaingia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), sehemu ya DCI (idara ya upelelezi), unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 na risiti, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Si lazima uje Nairobi kwa hilo, Huduma Centre ya Mombasa inafanya. Wanaorudishwa ni wale waliochapisha C24 kwenye karatasi mbili badala ya mbele na nyuma ya karatasi moja, na wale ambao majina ya eCitizen hayalingani na kitambulisho. Beba kitambulisho halisi na nakala yake. Lifanye Februari ili mwajiri akiuliza uwe nacho tayari.

Namba ya PIN ya KRA (mamlaka ya mapato) hupatikana bure kwenye tovuti yao ya iTax. Anayekutoza kwenye saiba (duka la intaneti) analipwa kwa kazi ya kubonyeza, PIN yenyewe haina bei. Utaihitaji kama kuna posho.

Sasa barua ya maombi. Acha "mimi ni mchapakazi mwenye ari". Andika unachojua kufanya na idara unayoitaka. Mfano: "Nimesafisha data ya kaya 400 kwa programu ya R kwa kazi ya darasani, na najua kutengeneza jedwali la muhtasari kwa Excel. Naomba kuwekwa idara ya madai au ya kukadiria hatari za mikopo." Kampuni ya bima ina idara ya madai, ya kukata bima na ya hesabu za hatari. Benki ina mikopo na uzingatiaji wa sheria. Usipotaja idara utawekwa mapokezi au kwenye chumba cha mafaili, na hapo hutapata ripoti ya takwimu ya kumpelekea mhadhiri.

Nazo sacco (vyama vya akiba na mikopo) usizidharau. Sacco kubwa ina rekodi za mikopo za miaka mingi na watu wachache wa kuzichambua.

Mwisho kuhusu pesa. Hakuna mwajiri wa kweli anayetoza ada ya maombi, ya "usajili" wala ya "sare". Ukiambiwa utume M-Pesa kwa namba ya mtu ili nafasi isikupite, huo ni wizi.

---

Abiria_wa_111

Kijana, naona umepewa ya ofisini, mimi nakupa ya mtaani.

Usitafute nyumba kabla hujajua ofisi iko wapi. Wanafunzi husikia Zimmerman au Kahawa West ni rahisi, wakalipa, kisha wakaitwa Upper Hill. Matatu za huko, za Thika Road, zinaishia mjini. Kutoka hapo ni kupanda tena au kutembea kama nusu saa ukipandisha kilima, na Mei bado ni masika. Kwa kazi ya Upper Hill (kampuni nyingi za bima ziko huko, na KNBS iko Real Towers, Hospital Road), tafuta upande wa Ngong Road: Kawangware, Dagoretti Corner, Racecourse. Matatu za Ngong Road, kama namba 111, zinapita kituo cha Community. Unashuka hapo unaingia Upper Hill kwa miguu, na umelipa nauli moja tu. Ukiitwa Westlands au Waiyaki Way, basi Kangemi au Uthiru, na matatu namba 23 inakufikisha. Ukiitwa Industrial Area, South B unatembea kwa miguu.

Hesabu ya mwezi kwa bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya mtu mmoja, siku 22 za kazi, kwa makadirio ya kawaida:

Kodi 8,000. Nauli 160 kwa siku, ni 3,520. Chakula cha mchana 200, ni 4,400. Chakula cha nyumbani 5,000. Maji na tokeni za stima 1,000. Bando 1,000. Jumla 22,920.

Hapo sijaweka amana, ambayo ni kodi ya mwezi mmoja mkononi kabla ya kupewa ufunguo, wala godoro, wala mtungi wa gesi wa kilo 6. Nayo nauli hiyo ya 160 ni ya siku kavu. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, ya kurudi peke yake inaweza kuwa maradufu. Weka akiba ya 1,500 kwa ajili ya mawingu.

Lakini kwa miezi mitatu mimi singechukua bedsita. Mwangalizi wa nyumba anataka notisi ya mwezi mzima kabla ya kuhama, na usipoitoa, amana imekwenda. Tena utanunua vitu utakavyoviuza hasara Julai. Tafuta hosteli za binafsi zinazokodishwa kwa kitanda, kama Ngara na Madaraka. Mei hadi Agosti wanafunzi wengi wameenda likizo au atachimenti, vitanda viko, na bei inajadilika. Ukigawana chumba na mtu, kodi inashuka hadi karibu nusu na godoro lipo. Usilipe chumba ulichokiona kwenye picha tu. Lala siku mbili gesti ya bei nafuu, uzunguke, ufungue bomba uone kama linatoa maji, ndipo ulipe.

Ukija na SGR (treni ya Mombasa hadi Nairobi), nauli ya daraja la kawaida ni 1,500. Panda ya asubuhi. Inakuacha Syokimau, si mjini, na kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni ya katikati ya jiji. Ile ya usiku inakushusha alfajiri ambapo hata mlango wa hosteli haujafunguliwa.

---

PwaniTakwimu

Nimeshukuru sana. AfisaWatumishi, hiyo ya tarehe za bima sikuwa nimeiwaza kabisa. Nimefungua karatasi yangu sasa hivi, inaisha 30 Aprili. Kesho niko ofisini kwao.

Mawili yamebaki. Gigiri je? Na mhadhiri anataka ripoti yenye uchambuzi wa data ya pale nilipofanya kazi. Benki itaniruhusu?

---

Limuru_Road

Gigiri mwaka huu, hapana. Kwa sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, pamoja na UNEP (mazingira) na UN-Habitat (makazi) zenye makao yake hapo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima awe mwaka wake wa mwisho anapoomba. Masharti yanawakubali pia wanaosoma shahada za juu, na waliohitimu ambao wataanza kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kuhitimu. Mwaka wa tatu wa kozi ya miaka minne hauingii hata alama zako ziwe zote A.

Unaloweza kufanya sasa ni kufungua akaunti kwenye careers.un.org na kujaza wasifu wako wa ndani ya mfumo taratibu. Fomu yake ni ndefu, na wanaoijaza usiku wa mwisho huacha mapengo. Nafasi hutangazwa moja moja, kila moja na tarehe yake ya kufunga na ofisi yake. Kutuma wasifu kwa baruapepe ya mtu unayemjua hakusaidii, maombi husomwa ndani ya mfumo tu.

Jua pia kwamba uanagenzi wa sekretarieti haulipwi, na unachukua miezi miwili hadi sita. Nauli, kodi na bima ya afya ni juu yako. Mtoto, kaka au dada wa mfanyakazi wa sekretarieti hakubaliwi, na yule anayekuahidi kukuingiza kupitia kaka yake anakudanganya. Baadhi ya mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, kama UNICEF na UNDP, hutoa posho, na kila moja lina masharti yake. Soma tangazo la shirika husika.

Kwa takwimu, usitafute neno "takwimu" peke yake. Tafuta kwa Kiingereza maneno ya data, tathmini na ramani. Kazi nyingi za uchambuzi zimejificha ndani ya idara za mazingira na makazi.

---

KalamuNyekundu

Kuhusu ripoti: benki haitakupa data ya wateja utoke nayo, na usiombe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawabana, na KNBS nayo ina Sheria ya Takwimu ya 2006 inayolinda siri za waliohojiwa. Utatakiwa kutia saini hati ya usiri siku ya kwanza. Isome kabla ya kutia kalamu. Anayejitumia faili kwenye baruapepe yake ili "aimalizie nyumbani" anaweza kufukuzwa wiki ya pili, na chuo hakitamtetea.

Kuna njia tatu zinazokubalika. Unaweza kuandika juu ya mbinu badala ya takwimu zenyewe: rekodi zinasafishwaje, makosa gani hujitokeza, yanasahihishwaje. Unaweza kutumia takwimu ambazo shirika limekwisha kuzichapisha kwa umma, kwa mfano ripoti za mwaka. Au unaweza kutengeneza data ya mfano yenye muundo uleule na namba za kubuni, na useme wazi kwenye ripoti kwamba ni za kubuni. Njia yoyote, mpe msimamizi wako wa kazini rasimu aisome wiki ya kumi, si siku ya kuaga. Wiki ya mwisho yeye naye ana mambo yake.

Mzungumzie mhadhiri jambo hili kabla ya kuondoka Mombasa, akuandikie kwamba anakubali. Si kila mhadhiri anaikubali ya tatu.

Halafu kuna ukaguzi. Chuo chako kiko mbali, kwa hiyo wahadhiri huja Nairobi kwa safari moja na kugawana maeneo. Ile fomu ya mahali ulipo ijaze ndani ya wiki ya kwanza: jina la jengo, ghorofa, barabara, jina na simu ya msimamizi. Anayeandika "Upper Hill, Nairobi" peke yake anamfanya mkaguzi azunguke asubuhi nzima, kisha anapata alama za mtu aliyekaguliwa kwa simu. Ukibadilisha ofisi, andika upya siku hiyohiyo.

Daftari la kila siku lijazwe jioni, na msimamizi alitie saini kila Ijumaa. Mkaguzi akifungua akakuta wiki sita zina saini zenye wino mmoja na mwandiko unaoteremka vilevile, anajua zimetiwa mkupuo mmoja. Tena usiandike "nilisaidia kazi za ofisi" siku tano mfululizo. Andika rekodi ngapi, programu gani, tatizo gani. Na Madaraka Dei tarehe 1 Juni ni sikukuu, usiijaze kama siku ya kazi. Kuna wanaoijaza.

---

PwaniTakwimu

Hahaha, ya Madaraka nimeisikia. La mwisho kabisa: nikishatuma kwa baruapepe, nipeleke na nakala ya karatasi?

---

AfisaWatumishi

Kama tangazo linasema baruapepe, baruapepe yatosha, na kichwa cha ujumbe kiwe na namba ya kumbukumbu ya tangazo kama ipo. Kama hakuna tangazo, nakala ya karatasi inasaidia kwenye mashirika ya umma, kwa sababu ikipigwa mhuri wa kupokelewa inaingia kwenye rejista na lazima ijibiwe au iwekwe mahali. Tuma kwa posta au kwa mtu anayekuja Nairobi, nakala mbili, moja wapige mhuri akurudishie. Kwenye kampuni binafsi mlinzi wa lango ataipokea kwa heshima zote, na huenda safari yake ikaishia hapo.

Kumbusha mara moja baada ya wiki tatu, kwa kujibu ujumbe uleule wa kwanza, usianze mpya. Mistari miwili inatosha: "Hujambo. Nafuatilia maombi yangu ya tarehe fulani ya atachimenti idara ya madai, kuanzia wiki ya kwanza ya Mei. Faili nimeiambatisha tena." Ukipewa barua ya kukubaliwa, rudisha ile nakala ya kukubali iliyotiwa saini ndani ya siku walizotaja, hata kama bado unangoja jibu la kwingine. Na usipokwenda, waambie. Kuna mwanafunzi mwingine mwenye kalenda ya Mei kama yako anayengoja simu hiyo.